Kilichoonjwa na Simba

Nchi hiyo ilikuwa na sheria thelathini na mbili za kumlinda simba wa mlimani, na haikuwa na simba hata mmoja. Hilo halikuwa kosa la sheria. Sheria zilitungwa vizuri, zikasomwa bungeni mara tatu, zikapigiwa makofi, zikachapwa kwenye karatasi nene yenye nembo. Simba ndio walioshindwa kutoa ushirikiano. Wa mwisho alionekana miaka arobaini iliyopita akivuka mpaka kuelekea nchi jirani, bila kuaga na bila kibali cha kusafiri.

Idara ya Simba, hata hivyo, ilikuwepo, tena imenawiri. Ilikuwa na Mkurugenzi Mkuu, manaibu saba, kitengo cha nyayo, kitengo cha ngurumo, na kwaya. Kila kata ya mlimani ilikuwa na Afisa Simba wake. Kila Jumamosi wananchi walitoka na majembe kwenda msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na ujira, kuchimba Barabara ya Simba, ambayo simba angeitumia siku atakapoamua kurudi. Ilikuwa na mitaro pande zote mbili na alama nyeupe za kuvukia, kwa usalama wake.

Mzava alikuwa mkulima wa tangawizi katika kata ya Kwemwale. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, mcheshi, mwenye maneno mengi, na mvivu wa kazi zisizo zake. Juma hilo tangawizi yake ilikuwa imekomaa na mawingu yalikuwa yamekaa vibaya. Alihitaji siku chache tu za kuchimba kabla ya mvua, na msaragambo ulimkalia kooni. Ijumaa asubuhi alikatiza uani kwa shemeji yake Kiangi, kaka wa mkewe, na Popi, mbwa wa Kiangi, akamng'ata kwenye shavu la mguu.

Mzava alichechemea hadi ofisi ya kata akiwa amejaa furaha. Mlangoni palibandikwa orodha ya ruhusa za kukosa msaragambo, ya tangu enzi za babu yake. Aliyeumwa na nyoka, siku saba. Aliyeumwa na nyuki, hapewi. Aliyeng'atwa na mbwa, nusu siku. Aliyeng'atwa na simba, bila kikomo.

Nusu siku! Mzava alihisi amedhulumiwa. Aliutazama mguu wake, akayatazama mawingu, akaingia ndani.

"Shikamoo, Bi. Chogo. Nimeng'atwa na simba."

Bi. Chogo, Afisa Simba wa Kata, alikuwa amekaa nyuma ya meza ile miaka kumi na tisa akingoja jambo litokee. Kikombe cha chai kilimponyoka. Alisimama, akamkumbatia Mzava, na machozi yakamtoka.

"Amerudi," alisema. "Mzee Mzava, amerudi kweli? Na yeye hakuumia?"

"Nani?"

"Simba. Meno yake yalikuwa salama?"

"Nilivyomwona, alikuwa salama," Mzava alisema.

"Basi mguu huo usiuoshe," alisema Bi. Chogo, tayari ameshika simu.

Nyumbani, mkewe Namsifu alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kiuno.

"Simba gani anayekaa uani kwa kaka yangu? Baba Nakundwa, kesho asubuhi uende ukaseme ukweli."

"Nitakwenda," alisema Mzava. "Nichimbe kwanza matuta mawili."

Asubuhi ilipofika, magari ya Idara yalikuwa yameshaegeshwa kuanzia ofisi ya kata hadi mlangoni kwake.

*

Wataalamu waliupima mguu kwa siku mbili. Waliupiga picha, wakaumwagia plasta, wakaunusa. Siku ya tatu wananchi walikusanywa katika uwanja wa shule, na Mkurugenzi Mkuu, Dokta Lwambano, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, akasoma taarifa ya kitaalamu. Simba wa Kwemwale, alisema, ni mdogo wa umbo, mwenye meno yaliyopangika na moyo wa kujizuia. Kipimo cha taya lake kinakaribiana sana na cha mbwa, jambo linaloonyesha jinsi simba wa taifa hili alivyo mnyenyekevu kuliko simba wa mataifa mengine.

"Ndugu wananchi!" alinguruma, akaunyanyua mguu wa Mzava juu ili wote wauone, hata Mzava akabaki amening'inia kwenye kiti. "Wasiotutakia mema walisema hatuna simba. Wakauliza, Idara ya nini? Barabara ya nini? Mimi leo sina la kuwajibu. Mguu huu umewajibu!"

Kwaya iliimba beti kumi na moja. Kisha Dokta Lwambano akafungua kitabu cha sheria na kusoma kifungu cha kumi na nne, polepole. "Kitu chochote, kiwe hai au kiwe kimekufa, kilichoonjwa na simba, kitabaki kuwa mali ya simba huyo mpaka atakaporudi kukimaliza. Ni marufuku kwa mtu yeyote kukiondoa, kukificha, kukipunguza au kukiharibu."

Watu walipiga makofi. Mzava, aliyekuwa kiti cha mbele na hakutaka kuonekana mwenye majivuno, alipiga pia. Walipofika nyumbani ndipo Namsifu alipouliza.

"Hicho kilichoonjwa ni kipi?"

Mzava aliutazama mguu wake. Kesho yake walikuja vijana wawili wapole wakamvisha hereni ya njano sikioni, ya plastiki, kama zile za ng'ombe. Iliandikwa 0001.

*

Haitakuwa haki kusema kwamba serikali ilimtupa. Ilimtunza kuliko ilivyowahi kumtunza raia yeyote wa mlimani. Aliletewa mayai, maziwa, nyama ya mbuzi na dawa za minyoo. Kila Jumatatu muuguzi alimpima uzito na kumwuliza kama amelala vizuri. Msaragambo hakuusikia tena, na majirani walimwonea kijicho waziwazi.

"Wengine wana bahati hata ya kuumwa," walisema.

Masharti yalikuja kidogo kidogo, kila moja kwa barua ya heshima. Asifanye kazi ngumu, kwa kuwa jasho humpunguza. Asivute sigara wala kula pilipili. Asiguse tangawizi kwa namna yoyote, kwa kuwa hubadilisha ladha. Akakaa kibarazani, mguu umepona kabisa, akitazama mvua ikinyesha juu ya matuta yake na mazao ya mwaka mzima yakiozea ardhini. Namsifu alitaka kuyachimba yeye, akakatazwa, maana harufu yake ingemfikia mumewe.

Kisha mawe meupe yalipangwa kuizunguka kata, na Mzava akaambiwa asiyavuke. Watu wakaacha kumpa mkono, kwa sababu kugusa mali ya simba ilikuwa kifungo cha miaka mitano. Walimsalimia wakiwa mbali, mikono wameificha mgongoni. Kati ya ndugu na majirani, Namsifu peke yake alipewa kibali cha kumgusa mumewe, cha miezi mitatu mitatu, chenye muhuri. Alikitundika juu ya kitanda, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka thelathini, Mzava alimwona mkewe akiogopa.

Ndipo habari ilipopanda kutoka bondeni. Binti yao wa pekee, Nakundwa, aliyeolewa huko chini mwendo wa saa sita kwa miguu, alikuwa amejifungua salama. Mtoto wa kiume. Wamempa jina la babu yake.

Mzava alilia kwa furaha, akavaa koti, akaenda na barua ya kuomba ruhusa.

Bi. Chogo alisoma barua yake mara mbili. "Barua nzuri sana, Mzee Mzava. Hongera ya mjukuu. Lakini niambie mwenyewe: ukiwa huko bondeni, simba akaja akakukosa, mimi nitamweleza nini?"

"Bi. Chogo, simba haji."

Mle ofisini palikuwa na watumishi sita sasa, badala ya mmoja. Wote waliacha kuandika.

"Umesemaje?" Bi. Chogo aliuliza, kwa sauti ndogo.

Na Mzava, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa bondeni na yeye yuko mlimani, akasema ukweli wote. Uani, Popi, orodha ya mlangoni, tangawizi. Alipomaliza alijisikia mwepesi. Bi. Chogo aliinuka, akafunga dirisha moja, halafu la pili.

*

Baraza la kata liliketi siku ya Jumatano kusikiliza dai hilo, na Dokta Lwambano alikuja mwenyewe. Shahidi alikuwa mmoja tu, shemeji Kiangi, aliyeingia amevaa shati la kanisani. Popi alimfuata nyuma, akajilaza juu ya viatu vyake.

"Ndugu Kiangi," alisema Dokta Lwambano, "shemeji yako anadai aliumwa na mbwa wako."

"Mbwa gani?" alisema Kiangi.

"Shemeji!" Mzava alipiga kelele. "Huyo hapo! Amekulalia miguuni!"

Kiangi hakutazama chini. Jasho jembamba lilikuwa likimshuka shingoni. "Mheshimiwa, mimi sijawahi kufuga mbwa. Ukoo wetu hatufugi."

Popi alipiga miayo, akaulamba mkono wa bwana wake. Kiangi aliuacha mkono ulambwe, kana kwamba si wake. Karani aliandika: shahidi hana mbwa. Wajumbe walitazama dari, wakatazama kalamu zao, na mmoja, ambaye Popi alikuwa amehamia kwake na kumkalia pindo la koti, alilivuta koti lake taratibu bila kuonyesha kwamba limezuiliwa na kitu chochote.

Baadaye Dokta Lwambano alimwita Mzava pembeni. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtia Mzava baridi.

"Mzee wangu, kuna kifungu cha tisa. Kumsingizia simba. Ni kifungo cha maisha, na familia inahusika. Mke. Binti. Mimi sipendi kukitumia." Alimshika Mzava bega, yeye alikuwa na kibali cha kugusa. "Idara hii ina watumishi elfu moja na mia mbili. Wana watoto, wana wazazi, wengine wameanza kujenga. Wote hao wamesimama juu ya mguu wako. Hebu tusaidiane."

"Tusaidiane vipi, Mheshimiwa?"

"Uwe na subira tu. Simba atakuja."

"Na asipokuja?"

"Sheria imetamka kwamba atakuja," alisema. "Haikutamka vinginevyo."

*

Siku tisini zilipita. Simba hakuja. Bungeni ukaulizwa swali, kwa nini kilichoonjwa hakijakamilishwa, na nani anakalia haki ya simba. Wafadhili nao wakaandika kutaka taarifa ya mwisho wa mradi. Idara ikafungua kanuni za utumishi wa umma, na kanuni zikawa wazi: nafasi ikikaa siku tisini bila mwenyewe, huteuliwa mtu wa kuikaimu.

Hivyo ndivyo nchi ile ilivyopata Kaimu Simba.

Jina lake lilikuwa Bwana Ngwatu. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye suti ya kijivu na viatu visivyo na mlio. Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo wa Wizara, na sifa yake ilijulikana: katika miaka kumi na mmoja, stoo yake haikupotelewa na kitu hata kimoja, ingawa ilipotelewa na makarani wawili. Aliapishwa kwa kitabu cha sheria. Gazetini alionekana akitabasamu mdomo ukiwa umefumbwa.

Alifika Kwemwale bila msafara. Alibisha hodi, akavua kofia, akamwamkia Namsifu kwa heshima zote. Alikunywa chai isiyo na sukari. Kisha akauliza, "Ni mguu huu?"

Mzava aliunyoosha. Bwana Ngwatu aliuangalia kwa muda mrefu bila kuugusa. Alimwangalia shingo, akamwangalia mabega, akamwangalia Namsifu aliyekuwa ameegemea mlango.

"Mnaishi vizuri," alisema. "Kuna hewa safi." Mlangoni aligeuka. "Wewe, mzee, hupendelea asubuhi au mchana?"

"Kwa ajili ya nini?" Mzava aliuliza.

"Basi asubuhi," alisema Bwana Ngwatu, akavaa kofia.

Barua ilifuata. Shughuli ya ukamilishaji ingefanyika Alhamisi ya wiki ya tano, saa nne. Nakala: Mkuu wa Wilaya, Afisa Afya, Kwaya.

Sitaki kuficha, Mzava aliogopa. Aliogopa kiasi cha kushindwa kushika kijiko. Chakula kilimgeuka mdomoni, nyama aliitapika, maziwa yalimkataa. Muuguzi wa Jumatatu aliandika kilo sitini na nane, halafu sitini na moja, halafu hamsini na tatu, akitikisa kichwa kama mtu anayeona mali ya umma ikiharibika. Namsifu alimkalisha kwenye mkeka na kumlisha uji kwa mkono wake, na wote wawili walikuwa wakilia.

"Tutoroke," alisema Namsifu.

"Tukapite wapi? Watu wote wako barabarani na majembe."

"Ni majirani zetu."

"Na Kiangi ni kaka yako," alisema Mzava.

*

Alhamisi hiyo Nakundwa alipanda kutoka bondeni, mtoto mgongoni, ili babu amwone kabla. Alifika saa tatu, miguu imejaa vumbi. Alimfungua mtoto kwenye kanga akamweka mapajani mwa baba yake bila kuuliza habari za kibali. Mtoto alikuwa wa miezi sita, mnene, mwenye vishimo mikononi. Aliishika pua ya babu yake akaivuta. Mzava alicheka. Hakuwa amecheka tangu msimu wa mvua, na kwa dakika chache alisahau kabisa ni siku gani.

Saa nne kamili alifika Bwana Ngwatu, pamoja na Bi. Chogo aliyebeba daftari kubwa la kumbukumbu, na Afisa Afya. Majirani walijaa uani, Kiangi akiwa nyuma kabisa. Kwaya ilisimama kando ya uzio, imevaa sare, ikingoja ishara.

Bwana Ngwatu aliketi kwenye kiti alichoandaliwa na kufungua jalada. Alisoma karatasi zote za uzito, moja moja. Akamwomba Mzava afungue mdomo, akafungua. Akamwomba akunje mkono, akakunja.

"Huyu amekwisha," alisema hatimaye, kwa masikitiko ya mtu wa stoo. "Hofu imemla kabla yetu. Bi. Chogo, sheria inasemaje simba akikuta kilichoonjwa hakifai?"

Bi. Chogo alitoa kitabu cha sheria chini ya daftari, akakifungua. "Kifungu cha kumi na tano. Simba ana haki ya kukiacha. Akishakiacha, hakirudii."

"Andika ameachwa."

Bwana Ngwatu alitoa mkasi mdogo mfukoni, akaikata ile hereni, akaitia mfukoni pamoja na mkasi.

Hakuna aliyeelewa kwa haraka. Halafu Namsifu akapiga kigelegele, na ua mzima ukalipuka. Watu waliokuwa hawajampa Mzava mkono kwa miezi saba walimrukia, wakamkumbatia, wakamnyanyua. Kiangi alilia kwa kwikwi akiomba radhi. Mzava alisimama katikati yao, moyo umemjaa shukrani mpaka hakujua aiweke wapi.

Na huko mlimani, mgeni aliyeleta heri hapewi zawadi ya kitu. Hupakatishwa mtoto wa nyumba, ambariki. Ndivyo walivyolelewa wote. Mzava alimchukua mjukuu wake mikononi mwa Nakundwa, akapita katikati ya watu, akampakatisha Bwana Ngwatu.

"Mbariki, Mheshimiwa," alisema. "Ni wajina wangu."

Namsifu aliacha kupiga kigelegele. Alinyoosha mkono, lakini palikuwa na watu wengi mbele yake.

Bwana Ngwatu alimpokea mtoto kwa ustadi, kama baba wa watoto wengi. Alimrusharusha magotini. Aliushika mkono wake mnene na kufanya kama wanavyofanya watu wazima wote kwa watoto wote. "Nakula!" alisema. "Nakula mkono huu! Nakula, nakula!" Akavitia vile vidole vidogo mdomoni.

Mtoto alicheka kwa kelele. Ua mzima ulicheka naye. Bwana Ngwatu aliendelea kuvishika kwa meno, macho yake yakiwa kwa Mzava, na kicheko kikapungua kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine mpaka akabaki mtoto peke yake akicheka. Vidole vilipotoka vilikuwa na alama nne ndogo. Hata damu haikutoka.

"Bi. Chogo," alisema kwa upole. "Tarehe ya leo."

Bi. Chogo alikuwa ameishika kalamu juu ya daftari, na kalamu haikushuka. Bwana Ngwatu alingoja. Hakurudia. Kalamu ikashuka.

"Mheshimiwa," Mzava alisema, "nichukue mimi. Nitakula. Nitanenepa. Niandike tena mimi."

"Wewe umeachwa, mzee," alisema Bwana Ngwatu. "Ulisikia kifungu."

Alinyanyuka, akamrudishia Nakundwa mtoto wake taratibu, akihakikisha shingo imeshikwa vizuri, akakung'uta suruali yake. Kule kwenye uzio mwalimu wa kwaya, ambaye hakuwa ameona vizuri, aliinua mkono, na ubeti wa kwanza ukaanza.

"Maziwa ya mama yanatosha kwa sasa," Kaimu Simba alimwambia Nakundwa, akivaa kofia. "Akifika mwaka, mwanzishieni mayai. Hatuna haraka."